Kwa Rehema, Kuhusu Neno la Misi Doroti

Rehema mwanangu,

Barua ya kiungwana huanza kwa salamu ndefu na kuulizana hali. Hali yangu unaijua, umeniacha uani nimenuna. Yako pia naijua, maana mlango ulivyoubamiza hata watu wa Msimbazi wameusikia. Umekwenda Magomeni kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi yule anavyopenda mazungumzo hutarudi upesi. Kwa hiyo nina nafasi. Nimewaondoa wapangaji barazani, nimekaa na karatasi ulizobakiza, na mwandiko ukiwa mbaya nivumilie. Nilijifunza kuandika nikiwa mtu mzima, na aliyenifundisha unamjua.

Sitakueleza habari za sweta wala za kula ushibe. Hao watu wa chuo cha wauguzi wamekwisha kukuandikia vitu vyote vya kubeba, na mimi baridi ya Uingereza siijui hata kidogo. Nataka tuzungumze juu ya jana.

Jana ulikuwa umepiga magoti mbele ya sanduku, na rafiki zako wamekuzunguka. Nikakuletea ile doti ya kanga niliyokuwa nimekufichia. Ukaruka ukanikumbatia shingoni, ukasema kwa Kiingereza, "Ai lavu yu, Mama!" Wenzako wakacheka kwa furaha. Na mimi nikasema, "Haya, unataka nini tena?"

Niliuona uso wako ulivyosawijika. Ukasema, "Sitaki kitu, Mama. Ina maana mtu hawezi kukwambia neno zuri mpaka awe na shida?" Hapo ningeweza kucheka mambo yakaisha. Badala yake nikakwambia ufunge sanduku, mende wasije wakaingia. Rafiki zako wakavaa viatu vyao taratibu, wakaaga. Walipotoka ndipo ukayasema yale ambayo nadhani umekaa nayo tangu udogo wako. "Mchana mmoja, wanawake wawili walinikataa," ukasema. "Mmoja Misi Doroti, mmoja wewe. Yeye angalau alinipa peremende."

 Unajua mimi si mtu wa kunyamaza, kila mpangaji aliyepata kulala nyumba hii ni shahidi. Lakini jana niliingia jikoni nikaanza kusugua sufuria ambalo lilikuwa safi. Usiku kucha nimekuwa nikikujibu moyoni. Sasa nakujibu kwenye karatasi.

Wewe umekulia shuleni na Kiingereza umekizoea. Unapenda mkate, unapenda wimbo wa kwenye redio, unapenda viatu vya mwenzako, na yote unayasema kwa lile neno lao bila hata kupumua. Mimi sikulelewa hivyo. Nyumbani kwetu mtu mzima hasimami mbele ya mwenye kitu akasema nakipenda, ila akiwa anakitaka. Ukikiona kitu kizuri cha mtu unasema mashallah, unapita zako. Ukisema umekipenda, mwenyewe atakwambia chukua, ni chako, na asipokwambia hivyo atalala akijiona mchoyo. Ndivyo tulivyofundishwa, na tulifundishwa kwa kofi.

Na watoto ni vivyo hivyo. Najua unajua kwamba mimi nililelewa na mama mkubwa, Bi Hadija, aliyeniachia nyumba hii. Sidhani niliwahi kukueleza ilivyokuwa. Bi Hadija hakujaaliwa mtoto. Siku moja alikuja kwetu Kisarawe kutusalimu, nikamletea maji ya kunawa, akanishika kidevu akamwambia mama, "Mwanao huyu nimempenda." Hakusema zaidi ya hapo. Mama akainamisha kichwa. Kesho yake asubuhi nguo zangu zilikuwa zimefungwa kwenye kitambaa, nami nikashikwa mkono kuletwa mjini. Mama alinisindikiza mpaka njiapanda. Aliniambia, "Usilie mbele za watu," akageuka, akaenda zake bila kutazama nyuma. Nilimchukia kwa hilo miaka mingi. Hata hivyo kwa Bi Hadija nilipendwa, nikavishwa, nikasomeshwa Kurani, nikapata na nyumba. Kwa hiyo nilikua nikijua kwamba mtoto anayepewa mtu hajatupwa. Amepewa heshima, na mama yake amefanya jambo kubwa kuliko uwezo wake. Nakuomba ulishike hilo ninapoendelea.

Sasa Misi Doroti. Wewe unamkumbuka na kofia yake ya majani na baiskeli. Alikuwa akifundisha darasa la kina mama, kushona na kusoma, na mimi nilikwenda kwa sababu baba yako alikuwa amefariki na wapangaji walikuwa wakiniletea karatasi nisizoweza kuzisoma. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto. Kiswahili chake kilikuwa cha kuvunjika, karibu, asante, na majina ya rangi za nyuzi. Lakini lile neno lake la Kiingereza tulilishika sote darasani hata kabla ya kujua herufi. Alipenda mshono wa huyu, alipenda mvua, alipenda harufu ya kahawa kutoka mtaani. Mimi nilimuuliza Bwana Elia maana yake. Huyu ndiye karani wa forodha, Mchaga wa chumba cha mbele, aliyekuwa akikusaidia hesabu. Akaniambia, "Maana yake ni kupenda, Mama Rehema. Kupenda sana." Hakukosea. Ndivyo lilivyo.

Basi siku moja Misi Doroti akauona mkeka wangu wa rangi niliokwenda nao darasani kukalia. Akaupapasa, akasema anaupenda. Nikastuka, nikajiambia hawa watu hawana haya, lakini nikaukung'uta nikampelekea. Akawa mwekundu, akashukuru sana, akauchukua. Unaona? Aliuchukua. Baadaye akaja nyumbani, akaliona birika la shaba la Bi Hadija, akalipenda nalo. Niliumia, mwanangu, lile birika lilikuwa na mkono wa marehemu. Nikalifunga kwenye karatasi nikampa, naye akalipokea kwa mikono miwili, na machozi kidogo machoni. Majirani wakaanza kunicheka, wakisema yule Mzungu wako atamaliza nyumba. Mimi nilimtetea. Nilisema ni mpweke, hana ndugu hapa, na mtu asiye na ndugu ataomba kwa nani?

Halafu ikaja Idi. Nikamwalika, akaja na gauni la maua, akala pilau kwa mkono ikamwagika yote mapajani. Wewe ulikuwa na miaka minane, na pengo hapa mbele, na hina mikononi. Ukaenda ukakaa pajani pake bila kuitwa, ukaanza kumhesabia madoadoa ya mkononi. Akakukumbatia. Akanitazama mimi, akalisema lile neno, akalirudia, akalirudia tena, na macho yake yamejaa machozi. Bwana Elia alikuwa amekaa pale na sahani yake. Akanitafsiria, "Anasema anampenda mtoto huyu. Anampenda kupita kiasi." Yeye kwao Kilimanjaro mambo haya hayako kama yalivyo kwetu, kwa hiyo akaendelea kula. Mimi nilirudisha tonge sahanini. Niliinamisha kichwa kama mama alivyoinamisha.

Ungeniuliza kwa nini sikukataa. Nilifikiri sana, Rehema. Nilifikiri jinsi nilivyo mjane wa vyumba vya udongo, na yeye jinsi alivyo mwalimu. Nilifikiri utasoma, utakunywa maziwa, hutaumwa homa kila masika. Nilijiona mimi mwenyewe pajani pa Bi Hadija. Na juu ya yote nilimwona mwanamke asiye na mtoto akiomba, nikaona aibu kumnyima. Sikuwa nakuondoa. Nilikuwa natoa kitu changu cha mwisho kizuri, na nilidhani ndivyo mtu mwema anavyofanya.

Siku niliyokupeleka kwake unaikumbuka kwa upande wako. Uliamka kwa furaha kwa sababu nilikwambia tunakwenda kwa Misi Doroti. Tukakata Mnazi Mmoja, tukaenda mpaka kule kwenye nyumba za Wazungu, wewe unaruka mbele yangu. Kifurushi cha nguo zako nilikibeba chini ya buibui usikione. Yule mama akatoka barazani, "Karibu, karibu!" amefurahi kama kawaida yake, akidhani tumekuja kumtembelea. Nikakiweka kifurushi kwenye kiti. Nikamwambia, "Mtoto wako huyu, Misi." Akacheka, akasema asante. Nikainama nikakwambia yale maneno, usilie mbele za watu. Ndiyo niliyokuwa nayo, sikufundishwa mengine. Nikaondoka.

Ulivyobaki unajua wewe. Unajua alivyokifungua kifurushi akashangaa, akakuuliza, nawe ukasema mama amesema mimi ni mtoto wako. Unajua alivyokupakia kwenye gari la jirani yake akakurudisha Kariakoo, akacheka cheko la mtu aliyechanganyikiwa, akamwambia Bwana Elia kwamba hakuwa na maana hiyo hata kidogo. Ulisikia yote hayo umesimama hapo hapo barazani. Na unakumbuka kwamba nyumbani sikuwepo. Nilirudi baada ya magharibi, mkono mtupu, nikakukuta umekaa kando ya Bwana Elia, nikakuuliza, "Umekula?" nikapita ndani. Tangu siku hiyo umeamini kwamba nilikupeleka nikaenda zangu kutembea, na nilipokukuta umerudishwa sikufurahi.

Sasa nisikilize upande wangu, ambao sijamwambia mtu.

Nilipokuacha nilitembea vizuri tu mpaka Mnazi Mmoja. Nilikuwa najisifu hata, kwamba sikulia. Pale palikuwa na mwanamke amekaa kivulini anamsuka binti yake, na mtoto amelalia paja, analalamika. Nikakumbuka sijamwambia Misi Doroti kwamba huwezi kulala mpaka ushike sikio la mtu. Nikasema nirudi nikamweleze hilo moja tu. Nikageuka. Nikiwa njiani nikakumbuka kwamba bamia huli, na kwamba radi ikipiga unaingia uvunguni, na kwamba lile jeraha la goti ukilikuna linachimbika. Nikaanza kwenda mbio. Mwanamke mzima wa buibui anakimbia mchana kweupe barabarani, watu wananipisha. Kamba ya ndara ikakatika nikaitupa. Na mbio zile zikanionyesha kwamba sikuwa narudi kueleza habari za bamia. Nilikuwa nakuja kukuchukua. Nilikuwa nimejitayarisha kumwambia yule mama kwamba mkeka kaa nao, birika kaa nalo, nyumba nzima ya Bi Hadija uipende nikuachie, lakini huyu hapana.

Nikafika, nikapiga hodi, akatoka mpishi. "Mtoto wako karudishwa kwenu sasa hivi, mama. Wamepita njia ya juu." Tulikuwa tumepishana.  Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni la watu nikalia mpaka yule mpishi, baba wa makamo kutoka Rufiji, akaogopa akaniletea maji. Nilimweleza. Akatikisa kichwa, akasema, "Mama, hawa neno hilo wanaliambia hata mbwa. Leo asubuhi kaliambia yai la kukaanga." Nikacheka nikiwa bado nalia, na ndivyo nilivyotembea mpaka Kariakoo, mguu mmoja peku.

Nilipofika nikakuona umekaa pale. Nilitaka kukushika nikubane mpaka ulalamike. Lakini barazani palikuwa na nusu ya mtaa, wamekwisha hadithiwa, na wengine walikuwa wanajiuma midomo wasicheke. Nami nikaona kwamba nikikugusa nitaanguka mbele yao. Ndipo nikauliza kama umekula. Uliangalia pembeni. Baadaye nilikuwa nasema nitakueleza ukikua kidogo, na ulipokua ukawa mkali kama mimi, na kila nilipofungua mdomo tuligombana juu ya jambo jingine. Nimekuwa mwoga kwako, wapangaji wakiambiwa hawataamini.

Misi Doroti alikuja siku chache baadaye. Alirudisha mkeka na birika, macho yamevimba. Nilikataa kuvipokea, kitu nilichotoa nimekitoa. Nilimuuliza kupitia kwa Bwana Elia kwa nini alisema vile kama hakutaka. Akajibu kwa haraka, "Lakini nampenda kweli!" Nami nilimwamini, na bado namwamini. Alikupenda kama mtu anavyopenda mvua ikinyesha jioni, anafurahi nayo, wala hana mpango wa kuiingiza ndani. Ndiye aliyekutafutia nafasi ya shule, ndiye aliyeandika barua zilizokupatia chuo hiki. Uongo haukuwepo pale. Kila mmoja alilipima neno kwa kipimo cha kwao, ukaumia wewe.

Kwa hiyo kule uendako, watakwambia wanapenda nywele zako, wanapenda jina lako, wanapenda unavyoongea. Usifunge virago kwa sababu hiyo. Usiwadharau pia. Cheka nao, shukuru, kunywa chai yao. Akija kijana mmoja na neno hilo, mwangalie siku anapokuona unaumwa, au siku ulipomkera, ndipo ujue lake lina uzito gani. Baba yako hakuwahi kunitamkia neno kama hilo, na nilipougua homa ya matumbo alinibeba mgongoni mpaka hospitali huku anasoma dua kwa sauti. Lakini sikwambii utafute mtu bubu. Kukosa kuambiwa nako kunauma, nimekuona jana.

Naona haya kuandika linalofuata, na nimelizunguka tangu mwanzo wa barua.

Wiki hii yote nimekuwa nataka kukwambia. Ulipokuwa unapiga pasi gauni jeupe nilikuja mpaka mlangoni, nikarudi. Jana uliponikumbatia lilikuwa hapa kooni, ndiyo maana nikatoa lile jibu la kipumbavu. Sijui kulisema kama mnavyolisema ninyi. Mimi nikisema nakupenda, ninaomba. Na wewe, pamoja na Kiingereza chako chote, ni mtoto niliyekulea mimi. Ungelisikia kama nilivyomsikia Bi Hadija kwetu Kisarawe. Ungenitazama, ungejua ninachoomba ni nini, na ungefungua lile sanduku ukaanza kurudisha nguo kabatini. Halafu ungezeeka hapa ukiwapokea wapangaji na kufokeana nao, na watu leo wanakwenda mikutanoni wakidai nchi yao, nchi itakayotaka wauguzi wake yenyewe. Mara moja nilitaka kukutoa kwa mtu ambaye hakuwa amekuomba. Sitakubali sasa kukuomba wewe unipe nafsi yako.

Kwa hiyo kesho pale bandarini usinitegemee maneno. Nitakukagua kola, nitagombana na wapagazi, nitakuuliza kama umechukua dawa ya mafua. Utanikumbatia, nami nitasimama mkavu, na pengine utapanda ngazi ya meli na uchungu wako wa jana. Nimelipima hilo. Naona afadhali uondoke umenikasirikia kuliko ubaki kwa kunihurumia.

Barua hii sitakupa mkononi. Ninaishona sasa hivi ndani ya pindo la ile kanga mpya, na nakujua, hutaigusa kanga kwa hasira mpaka mkiwa mmekwisha ipita Mombasa na baridi ya baharini imeanza kukuuma. Utasikia karatasi inalia vidoleni, utafumua. Huko hakuna pa kushukia, na sanduku haliwezi kurudi Kariakoo.

Basi sasa naweza. Nakupenda, Rehema. Nakupenda sana mwanangu, na sikuombi kitu.

Mama yako